Laptopu haioni diski ya kuwashia: pima hivi kabla hujasema "nipigie Windows"

"Fundi, nipigie Windows." Yaani, niwekee Windows upya. Sentensi hiyo naisikia mezani kwangu hapa Mwanza karibu kila siku ya Mungu. Leo anaisema mwanafunzi wa Malimbe, kesho mwenye duka la Mlango Mmoja, keshokutwa mwalimu aliyevuka ziwa kutoka Ukerewe na laptopu yake imeviringishwa kwenye kanga. Nikiuliza mashine ina nini, jibu ni lile lile: imewaka, ikaandika maneno meupe kwenye kioo cheusi, ikagoma hapo hapo.

Ugonjwa wameuona sawasawa, dawa ndiyo wameikosea. Maneno yale hutofautiana kulingana na mtengenezaji: "No bootable device", "Operating system not found", "Reboot and select proper boot device". HP huandika "Boot Device Not Found" na karibu yake namba 3F0. Hakuna hata moja linalosema Windows imekufa. Linachosema ni kwamba mashine imetafuta diski ya kuwashia, na ama haikuiona kabisa, ama imeiona lakini haikukuta ndani yake kitu cha kuiwasha. Hayo ni mambo mawili tofauti, na kazi yako ya kwanza ni kujua lako ni lipi.

Vitu vya kuwa navyo

- Bisibisi ndogo ya nyota. Laptopu nyingi hukubali PH0. Chache zina skrubu za tundu la ncha sita, saizi T5.
- Kadi ya plastiki iliyokwisha muda, ya kubandulia kava. Kisu kiache jikoni.
- Flashi mbili za GB 8 au zaidi. Moja iwe na Windows, nyingine iwe na Ubuntu, mfumo wa bure unaoweza kuwaka kutoka kwenye flashi yenyewe. Utahitaji kompyuta nzima ya jirani kuziandaa: flashi ya Windows kwa programu ya Microsoft yenyewe, Media Creation Tool, na flashi ya Ubuntu kwa programu iitwayo Rufus. Kumbuka kuandaa huko hufuta kila kilichokuwa kwenye flashi.
- Diski ya nje yenye nafasi ya kuhamishia mafaili yako.
- Kasha la USB la kuvalisha diski iliyotolewa. Hili azima tu, si la kununua kwa siku moja.
- Brashi laini na spiriti ya kusafishia vifaa vya umeme, ile isiyo na maji mengi.
- Simu ya kupigia picha kila hatua, na chaja unayoiamini.

Onyo moja kabla hatujaanza

Kupiga Windows upya ndiyo njia ya haraka zaidi ya kupoteza mafaili ambayo bado yapo salama. Nimepokea binti mwenye ripoti ya utafiti ya mwaka mzima. Mtu wa kwanza aliyemhudumia alifuta diski yote ndipo akagundua kwamba tatizo lilikuwa mpangilio mmoja wa kubadili kwa sekunde kumi. Mimi mwenyewe si malaika. Zamani niliwahi kufuta diski ya mteja nikidhani ni flashi yangu, kwa kuwa zote mbili zilikuwa GB 32 na sikusoma jina. Tangu siku ile nasoma jina la diski kwa sauti kabla sijabonyeza chochote. Wateja hunishangaa.

Kwa hiyo, mtu akikuambia "tutapiga tu, itakaa sawa", muulize kwanza: "BIOS inaiona diski?" (BIOS ni programu ya ndani ya mashine inayoamka kabla ya Windows.) Akibabaika, chukua mashine yako.

Hatua kwa hatua

1. Chomoa kila kitu. Flashi, modemu, kadi ya kumbukumbu, panya, waya wa printa. Mashine ikikuta flashi isiyo na mfumo inaweza kung'ang'ania hapo hapo na kulalamika. Washa tena. Baadhi yenu mtaishia hapa, nendeni salama.

2. Maliza umeme uliobaki ndani. Zima, chomoa chaja, toa betri kama inatoka. Bonyeza kitufe cha kuwashia na ukishikilie sekunde 30. Rudisha umeme, washa.

3. Ingia BIOS ukaulize swali lenyewe. Zima kabisa, washa, na papo hapo anza kugonga kitufe cha mashine yako mfululizo, usikibonyeze mara moja ukangoja. HP ni Esc, kisha F10. Dell ni F2. ThinkPad ni F1, Lenovo za IdeaPad ni F2, au tumia kile kitundu kidogo cha pembeni unachochoma kwa pini mashine ikiwa imezimwa. Acer na Asus ni F2. Ikigoma, jaribu tena ukiwa umeshikilia Fn.

 Ndani, tafuta ukurasa wa taarifa za mashine au wa hifadhi. Unatafuta jina la diski na ukubwa wake: aina, herufi na namba nyingi, halafu 500 GB au 256 GB. Ukiliona jina, nenda hatua ya 4. Ukikuta pameandikwa "None" au "Not detected", au pako patupu, ruka hadi hatua ya 8.

 Ukiwa humo, angalia tarehe na saa. Zikiwa zimerudi nyuma miaka, betri ndogo ya duara iliyo kwenye mazabodi (bodi kuu ya mashine) imekwisha. Nyingi ni CR2032 ya volti 3, ile ile ya mizani na rimoti za gari. Ikifa, BIOS husahau mipangilio na kurudi ilivyotoka kiwandani, na huenda mipangilio hiyo siyo uliyowekewa Windows. Hapa kwetu laptopu nyingi ni mtumba, zimeshakaa miaka kwenye ofisi za watu ng'ambo kabla hazijafika, kwa hiyo betri hii naikuta imekufa mara nyingi kuliko vitabu vinavyokiri.

Ikiwa BIOS inaiona diski

4. Angalia mpangilio wa kuwashia. Kwenye ukurasa wa "Boot", kitu cha juu kiwe "Windows Boot Manager", au jina la diski yenyewe kwa mashine za zamani. Ukikuta mtandao au USB juu, shusha. Hifadhi kwa F10, toka.

5. Linganisha UEFI na Legacy, mitindo miwili ya mashine kuwaka, mpya na wa zamani. Windows iliyowekwa kwa mtindo mmoja haiwaki kwa mwingine. Mashine zilizotoka na Windows 8 kuja juu kwa kawaida ni UEFI. Za enzi ya Windows 7 mara nyingi ni Legacy. Piga picha ilivyo sasa, badili, jaribu. Haikuwaka? Rudisha ilivyokuwa. Usibadili vitu vitatu kwa mpigo, hutajua kipi kimeponya na kipi kimeharibu.

 Tahadhari: ukigusa Secure Boot (kinga ya wakati wa kuwaka) au mipangilio hii, diski iliyofungwa kwa BitLocker, kufuli la Windows la diski, inaweza kukudai ufunguo wa tarakimu 48. Usitishike. Ingia kwenye akaunti ya Microsoft ya mwenye mashine kwa simu, sehemu ya vifaa, mara nyingi ufunguo upo. Ila kama mashine ni ya ofisi, ufunguo anao mtu wa ofisini. Mpigie kwanza kabla hujagusa.

6. Okoa mafaili sasa, kabla ya kutengeneza lolote. Chomeka flashi ya Ubuntu, fungua menyu ya kuwashia (F9 kwa HP baada ya Esc, F12 kwa Dell na Lenovo, Esc kwa Asus, Acer ni F12 lakini huenda ukaanza kuiruhusu ndani ya BIOS). Chagua flashi, halafu "Try Ubuntu". Usichague kusakinisha. Fungua diski yako, nenda "Users", kisha jina lako, nakili Documents, Desktop, Pictures na Downloads kwenda diski ya nje. Ikisema diski inasomeka tu na haiandikiki, sawa kabisa, tunachotaka ni kusoma.

 Wakati unanakili, sikiliza. Diski ya kuzunguka ikianza kugonga tik, tik, tik kama saa ya ukutani, au ikinakili kwa kusuasua, chukua vile vya muhimu kabisa kwanza na uache muziki na sinema. Diski ya namna hiyo usiifanyie ukaguzi wa "chkdsk /r" hata ukishauriwa na nani. Inaisukuma isome kila kona yake wakati inakata roho.

7. Tengeneza njia ya kuwashia. Washa kwa flashi ya Windows, chagua "Repair your computer" (flashi mpya huandika "Repair my PC"), halafu "Startup Repair". Mara nyingine hiyo inatosha. Isipotosha, fungua "Command Prompt", dirisha la kuandikia amri, humo humo.

 Kwa mashine ya UEFI andika `diskpart`, kisha `list volume`. Tafuta kipande cha FAT32 chenye MB 100 hadi 300 hivi. Tuseme ni namba 3: `select volume 3`, `assign letter=S`, `exit`. Halafu `bcdboot C:\Windows /s S: /f UEFI`. Herufi C huenda humo ndani imekuwa D au E, kwa hiyo hakikisha kwanza kwa `dir C:\` kwamba unaiona Windows. Ukiwa ndani ya diskpart, neno `clean` liogope kama mamba wa Rubondo: linafuta mgawanyo wote wa diski bila kukuuliza mara mbili.

 Kwa mashine ya Legacy: `bootrec /fixmbr`, `bootrec /fixboot`, `bootrec /rebuildbcd`. Kwenye UEFI amri ile ya kati hupenda kujibu "Access is denied". Ndiyo maana nimekupa bcdboot.

Kwa nini njia ya kuwashia huharibika? Kwa mashine ninazoziona, sababu kubwa ni betri ya laptopu iliyokufa. Mtu anaitumia kwa chaja tu, kama kompyuta ya mezani. Umeme ukikatika, mashine inazimika katikati ya kuandika, kwa kishindo. Ikitokea mara moja inavumilia. Ikitokea kila jioni mwezi mzima, siku moja haitavumilia.

Ikiwa BIOS haiioni diski

8. Fungua mashine, lakini kwa adabu. Zima, chomoa chaja, gusa chuma kilichochimbiwa ardhini au bomba la maji ili umeme wa mwilini utoke. Pindua mashine juu ya taulo. Skrubu zipange juu ya karatasi kama zilivyokaa, maana ndefu ikirudishwa pa fupi hutoboa hadi upande wa kibodi. Angalia pia chini ya viraka vya mpira, huficha skrubu. Bandua kava kwa kadi ukianzia pembeni. Likikataa, kuna skrubu umeisahau, usilazimishe.

 Kabla hujagusa kingine chochote ndani, chomoa plagi ya betri kwenye mazabodi. Hatua hii ndiyo wengi huiruka, na ndiyo inayogeuza tatizo dogo kuwa mazabodi iliyoungua.

9. Chomoa diski, safisha, rudisha. Diski ya inchi 2.5 hukaa kwenye soketi au kwenye kebo nyembamba bapa. M.2, diski nyembamba kama kadi, inafanana na kipande cha bazoka, imeshikwa na skrubu moja mwishoni. Ukiilegeza inainuka yenyewe kidogo.

 Yule mwalimu wa Ukerewe ndiyo ilikuwa shida yake. Nilimuuliza, "Mwalimu, meli iliwarusha?" Akacheka: "Meli haina neno, fundi. Ni bodaboda ya kutoka nyumbani hadi Nansio, laptopu niliipakata." Nilipofungua, kebo ya diski ilikuwa imening'inia upande mmoja, na ncha zake zimepata ukungu wa rangi ya kijani hafifu. Kwenye feni mlikuwa na wadudu wa ziwani waliokauka, wale wanaofuata mwanga wa kioo jioni, wamejaa kama pamba. Unyevu wa ziwani na vumbi vikikutana juu ya shaba, hiyo ndiyo kazi yake.

 Lowesha brashi kwa spiriti kidogo, safisha ncha za diski na za kebo, subiri dakika kumi zikauke. Usitumie mate, wala msasa. Rudisha diski hadi ikae kabisa. M.2 ingiza kwa mshazari, ishushe taratibu, funga skrubu. Chomeka betri, na kabla hujafunga kava lote rudi BIOS uangalie. Mwalimu aliondoka mchana ule ule na mafaili yake yote.

10. Ijaribu diski nje. Haijaonekana bado? Ivalishe kasha la USB na uichomeke kwenye kompyuta nyingine. Ikisoma huko, diski ni nzima. Kebo au soketi ya laptopu yako ndiyo mbovu, na kebo hubadilishwa bila kugusa mazabodi. Kama hata huko haionekani, diski imefika mwisho, au karibu. Ikionekana na kompyuta ile ikakuomba uifomati, kataa. Nakili kwanza kama inawezekana.

 SSD, yaani diski isiyozunguka, iliyopotea ghafla baada ya umeme kukatika ina bahati moja zaidi. Irudishe kwenye laptopu, ingia BIOS, iache ikae hapo dakika 20 hivi bila kugusa kitu. Zima sekunde 30, washa, angalia. Hufufuka wakati mwingine. Ikifufuka, nakili siku hiyo hiyo, na usiiamini tena.

 Habari za kuiweka diski kwenye friji zisikudanganye. Ikitoka humo inatoa jasho ndani, na maji ndani ya diski hayana msamaha. Friji ibaki na sangara wake.

11. Ukinunua nyingine, nunua inayoingia. M.2 ziko za SATA na za NVMe, njia mbili tofauti za diski kuongea na mashine, ila kwa macho zinafanana. Laptopu yenye soketi ya SATA tu haitaiona NVMe hata ukiipigia magoti. Nenda dukani na diski ya zamani mkononi au na namba kamili ya modeli ya laptopu. Ukiambiwa SSD ya TB 16 kwa bei ya chakula cha mchana, cheka na uondoke. Na kama laptopu yako ni ile ndogo yenye hifadhi ya eMMC, tambua kuwa hiyo imechomelewa kwenye mazabodi. Haichomolewi kama hizi nyingine.

Ukikwama

*Flashi ya Windows inawaka, lakini pa kuchagua diski ni patupu, ilhali BIOS inaiona.* Kwa mashine za Intel kizazi cha 11 kuendelea, mara nyingi ni VMD, kipengele cha Intel cha kusimamia diski. Pakua dereva (programu ya kuifanya Windows iione diski) ya Intel Rapid Storage kutoka kwenye tovuti ya mtengenezaji wa laptopu yako, ifungue kwenye flashi, kisha bonyeza "Load driver". Unaweza pia kuzima VMD ndani ya BIOS, ila kama Windows ya zamani bado imo na unaitaka, usiizime, itagoma kuwaka. Kwenye baadhi ya Acer mpangilio huo umefichwa. Ukiwa ukurasa wa "Main" bonyeza Ctrl na S, utajitokeza.

*Inawaka leo, kesho inagoma, keshokutwa inawaka.* Shuku kebo, au diski inayochoka. Siku ile inayowaka usiifanyie kazi nyingine yoyote, nakili mafaili. Kisha pakua CrystalDiskInfo, programu ya kupima afya ya diski. Ikionyesha rangi ya njano au nyekundu, diski ibadilishwe.

*Inawaka ikiwa baridi, ikipata joto inapotea.* Safisha feni, kisha jaribu diski nyingine. Ikiendelea na diski nyingine, tatizo liko kwenye mazabodi, na hapo bisibisi ya nyumbani imefika mwisho wake.

*Kila ukizima na kuchomoa chaja, mipangilio inarudi ya zamani.* Ile betri ya duara. Ibadilishe kwanza, ndipo upange upya.

*HP au Dell, unataka uhakika bila kufungua.* HP: Esc halafu F2, chagua kipimo cha diski. Dell: F12 halafu "Diagnostics", ukipata kosa 2000-0142, diski imefeli kipimo chake. Piga picha namba utakayopewa.

*Imeshindikana, unaipeleka kwa fundi.* Chukua karatasi, andika: BIOS inaiona diski au haiioni, maneno yaliyotokea kwenye kioo, ulichobadilisha, na kwa herufi kubwa MAFAILI YASIFUTWE BILA KUNIPIGIA. Weka namba yako ya simu. Bandika karatasi hiyo juu ya kava kwa gundi ya karatasi, usiiweke ndani ya begi, maana mashine hutenganishwa na begi lake mara tu inapofika mezani.